Chema Hakijiuzi Daima: Maoni ya Mpenda Filamu kwa Walimu wa Fasihi

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi walimu wa Kiswahili tumeifunza methali hii miaka nenda miaka rudi, na wanafunzi wetu wameiamini. Ndiyo maana mwanafunzi akiulizwa kwa nini filamu fulani ni nzuri, aghalabu hujibu kuwa kila mtu ameitazama. Kwake yeye, wingi wa watazamaji ni ithibati tosha. Kwa upande mwingine, yupo mtazamaji anayejiona mjuzi ambaye ameipindua methali hiyo juu chini. Kwake, kinachojiuza hakiwezi kuwa chema, na filamu ambayo haijulikani na majirani zake ndiyo bora zaidi.

Dai langu katika makala haya ni kwamba watazamaji hao wawili wanafanana. Wote wamehesabu vichwa vya watu badala ya kuhakiki kazi yenyewe. Ili kulithibitisha dai hili, nitatoa maoni yangu bila kificho kuhusu filamu sita ambazo nimezitazama zaidi ya mara moja. Huenda baadhi ya maoni hayo yakakukera, msomaji. Yakikukera, toa yako na uyathibitishe, kwani hapo ndipo uhakiki huanzia.

Makundi mawili ya filamu

Kabla ya kuendelea, ni vyema tuelewane kuhusu istilahi. Kuna filamu ambazo hutengenezwa kwa gharama kubwa, hutangazwa kila pembe ya dunia na hulenga kumfurahisha kila mtu. Hizi nitaziita filamu za umma. Kuna nyingine ambazo zilipuuzwa au zilichekwa zilipotoka, kisha zikapata kikundi cha watu wanaozitazama mara kwa mara, wanaokariri maneno yake na wanaozitetea kama mtu anavyomtetea nduguye. Hizi nitaziita filamu za wafuasi.

Mgawanyo huu si mgeni kwetu. Katika fasihi ya Kiswahili tunazo hadithi za upelelezi za Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla na za Willy Gamba wa Elvis Musiba, ambazo zilisomwa na watu wengi kwa raha zao. Tunazo pia Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, ambazo humtatiza msomaji wa kawaida lakini zina wasomaji wachache wasiokubali zisemwe vibaya. Hakuna mwalimu makini atakayesema kuwa Bwana Msa hafai kwa sababu anapendwa, au kuwa Nagona ni kazi bora kwa sababu haieleweki upesi.

Kwa nini suala hili litushughulishe

Utauliza, mwalimu mwenzangu, filamu zinatuhusu nini ilhali tuna riwaya, tamthilia na hadithi fupi za kukamilisha kabla ya mtihani? Zinatuhusu kwa sababu moja kubwa. Muhula mmoja niliwauliza wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu kama tamthilia tuliyokuwa tukisoma ilikuwa nzuri. Darasa zima lilijibu kuwa ni nzuri. Nilipouliza kwa nini, nilisomewa sentensi za mwongozo, nyingine zikiwa na makosa yaleyale ya chapa. Nikauliza swali hilohilo kuhusu filamu waliyoitazama wakati wa likizo. Mvulana ambaye huwa hafungui kinywa alisimama akaeleza kwamba mwisho wake haukumridhisha kwa sababu adui alishindwa kwa bahati tu, wala si kwa akili ya shujaa. Msichana mmoja akampinga kwa kutaja tukio la awali lililoashiria mwisho huo. Mjadala ukaendelea hadi kengele ikalia.

Tazama yaliyofanyika hapo. Msuko umejadiliwa, taharuki imejadiliwa, na ushahidi umetolewa kutoka katika kazi yenyewe. Wanafunzi hao hao ndio tunaowaandika kuwa hawawezi kuhakiki. Ukweli ni kwamba uwezo wanao, bali kwa vitabu teule wamezoea kuwa jibu sahihi limekwisha kuandikwa na mtu mwingine. Miongozo ina manufaa yake, nami sidai ichomwe. Hata hivyo, mwanafunzi asiyethubutu kusema kuwa kitabu hakikumpendeza hawezi pia kueleza kwa dhati kwa nini kilimpendeza.

Titanic: wasomi wameionea

Hebu tuanze na filamu za umma. Titanic ya James Cameron ilitoka mwaka wa 1997, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1 na kutwaa tuzo 11 za Oscar. Kwa sababu hiyo, kuna watu wanaoona haya kukiri kuwa waliipenda. Mimi naipenda, na sababu ninazo.

Kwanza, msuko wake umepangwa kwa ustadi mkubwa. Kila mtazamaji anajua kuwa meli itazama. Historia yenyewe inasema ilizama mwaka wa 1912. Basi taharuki itoke wapi? Cameron anatumia mbinu rejeshi kupitia kwa Rose, aliye ajuza sasa, naye anaonyeshwa kwenye kompyuta namna meli ilivyojaa maji, ikainuka na kukatika. Maelezo hayo tunayapata mapema. Meli inapozama baadaye, hatuhitaji kuelezwa lolote, nasi tunaweza kuyaelekeza macho yetu yote kwa watu. Pili, filamu hii inavunja kanuni ya vibanda vya video isemayo kuwa staringi hafi. Jack anakufa. Watu hubishana mpaka leo iwapo ubao ule ungewatosha wawili. Kwa maoni yangu ubishi huo unapuuza ushahidi, kwani filamu inamwonyesha Jack akijaribu kupanda na ubao ukipinduka.

Hata hivyo, siwezi kuficha udhaifu wake. Cal, mchumba wa Rose, ni mhusika bapa kabisa. Ana kiburi, ana mali, ana bastola, na hana lolote jingine. Mwandishi alimfanya mwovu kiasi kwamba uamuzi wa Rose haumgharimu mtazamaji fikra yoyote. Laiti Cal angekuwa na chembe ya wema, mgogoro wa Rose ungekuwa mzito zaidi.

The Lion King: sikio la Mswahili

Filamu ya pili ya umma ni The Lion King ya mwaka wa 1994. Hapa mwalimu wa Kiswahili ana la kusema ambalo mhakiki wa Marekani hawezi kuliona upesi. Simba anaitwa Simba, sawa na kumwita mtoto wako Mtoto. Rafiki ni rafiki. Pumbaa ametokana na kitenzi tunachokijua sote. Mama yake Simba ni Sarabi, yaani mazigazi, jina zuri kwa mama wa nchi inayokauka. Fisi mmoja, naye, anaitwa Shenzi. Kwa wengi duniani hiyo ni sauti ya kuchekesha tu. Kwetu sisi ni tusi lenye historia, kwani mshenzi lilikuwa neno la kumdunisha mtu wa bara, na wakoloni walilirithi na kulitumia sana. Sidhani waliompa fisi jina hilo waliyafikiria hayo, lakini mhakiki hana budi kuyafikiria.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa filamu hii hulisahau. Watu huvaa fulana zenye maneno hakuna matata kana kwamba huo ndio ujumbe wa filamu. La hasha! Falsafa ya Timoni na Pumbaa ndiyo inayomfanya Simba aikimbie dhamana yake huku nchi ikiangamia chini ya Scar. Ili akomae, inambidi aiache. Hiki ni kinaya. Kinaya kikubwa zaidi kilitokea nje ya filamu, pale ilipobainika kuwa kampuni ya Disney ilikuwa imesajili maneno hayo kama alama yake ya biashara kwenye mavazi mwaka wa 2003. Suala hilo lilizua malalamiko makubwa mwaka wa 2018, nayo haki iko upande wa waliolalamika. Wapwani na wanabara walikuwa wakiyatumia maneno hayo kabla ya Simba wa katuni kuzaliwa. Wimbo wa Jambo Bwana wa kundi la Them Mushrooms ulikwisha kuyasambaza mwanzoni mwa miaka ya 1980.

The Shawshank Redemption: chema kilichokosa mnunuzi

Tukija kwa filamu za wafuasi, mfano unaoivunja methali yetu waziwazi ni The Shawshank Redemption ya Frank Darabont, iliyotoka mwaka wa 1994 kutokana na hadithi ya Stephen King. Iligharimu takriban dola milioni 25, na ilipoonyeshwa mara ya kwanza Marekani iliingiza takriban milioni 16. Iliteuliwa kushindania tuzo 7 za Oscar, haikupata hata moja. Ni kanda za video na televisheni zilizoiokoa. Watu waliikodi, wakaisimulia kwa wenzao, nao wakaikodi. Leo wengi huihesabu miongoni mwa filamu bora kupata kutengenezwa. Chema hiki hakikujiuza. Kilitembezwa na waliokipenda.

Nguvu yake ni usimulizi. Andy, aliyefungwa kwa mauaji ambayo hakuyatenda, hatuingii akilini mwake hata mara moja. Tunamwona kwa macho ya Red, mfungwa mwenzake. Kwa hivyo Andy anapoomba kamba usiku wa mwisho, tunahofia anataka kujinyonga, kwa kuwa Red naye anahofia hivyo. Wakati huohuo ishara zote zilikuwa mbele yetu: nyundo ndogo, Biblia, na picha za waigizaji wa kike ukutani zilizobadilishwa kadiri miaka ilivyopita. Hiyo ndiyo taharuki ya haki. Mtazamaji hakudanganywa, ila hakutazama vizuri.

Je, haina kasoro? Inazo. Andy ni mwema mno hata mtu huchoka naye. Mhusika anayenigusa zaidi ni Brooks, mzee aliyetunza maktaba ya gereza kwa miaka mingi, ambaye anapoachiliwa huru anashindwa kuishi nje na kujitoa uhai. Kupitia kwake filamu inasema jambo gumu kuhusu uhuru kuliko inavyosema kupitia kwa shujaa wake.

Blade Runner: sauti isiyohitajika

Blade Runner ya Ridley Scott ilitoka Juni 1982, wiki mbili tu baada ya E.T. ya Steven Spielberg, ikamezwa nayo. Ni filamu kuhusu Deckard, askari anayewawinda watu bandia waliotengenezwa kiwandani. Wenye pesa waliogopa kuwa haitaeleweka, wakaongeza sauti ya Deckard ikieleza mambo, pamoja na mwisho wa furaha. Miaka 10 baadaye, mwaka wa 1992, toleo jingine lilitolewa bila sauti hiyo na bila mwisho huo.

Linganisha sasa na filamu iliyotangulia. Katika Shawshank sauti ya msimulizi ni uti wa mgongo wa kazi. Katika toleo la kwanza la Blade Runner sauti kama hiyo ni mzigo. Roy, mtu bandia anayewindwa, anamwokoa Deckard asianguke kutoka juu ya jengo kisha anafariki mbele yake kwenye mvua. Tukio limekwisha kujieleza, lakini sauti inaingia kutueleza tena. Ni kama mwalimu anayesoma shairi zuri darasani kisha asiwape wanafunzi hata dakika moja ya kunyamaza. Hili ni funzo kwetu: mbinu ya uandishi haina uzuri wala ubaya yenyewe. Tunapowafundisha wanafunzi kuorodhesha mbinu, tuwafundishe pia kuuliza kama mbinu hiyo ilihitajika.

Hata hivyo, sikubaliani na wafuasi wanaoiona filamu hii kuwa haina doa. Deckard ni mhusika baridi ambaye ni vigumu kumjali. Isitoshe, tukio ambapo anamzuia Rachael mlangoni na kumlazimisha atamke maneno ya mapenzi linakirihisha. Filamu inaliita penzi. Mimi naliita ulazimishaji.

Who Killed Captain Alex?: hadhira inapokuwa fanani

Twende sasa Wakaliga, mtaa mmoja wa Kampala. Huko ndiko Nabwana I.G.G. alikoitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka wa 2010, kwa kiasi cha pesa ambacho yeye mwenyewe amesema hakikufika dola 200. Bunduki ni za vyuma chakavu na mbao, na helikopta inayoshambulia jiji imetengenezwa kwa kompyuta ya nyumbani. Swali lililo katika jina la filamu halijibiwi hadi mwisho. Hata hivyo, ina wafuasi Ulaya na Marekani.

Nasema wazi kuwa kicheko cha baadhi ya wafuasi hao kinanitia shaka. Kuna anayecheka pamoja na Wakaliga na kuna anayewacheka. Tofauti yao utaijua ukiwauliza wanachokipenda. Wa pili atakutajia umaskini wa vifaa tu. Wa kwanza atakutajia sauti ya VJ Emmie, ambaye katika filamu nzima anatania, anasifu, anatabiri na kumkaripia mtazamaji asiye makini. Sauti hii ndiyo roho ya filamu. Sisi Wakenya tunamjua mwenzake, DJ Afro, ambaye amezitafsiri na kuzitilia chumvi filamu za kigeni kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, zikaangaliwa katika vibanda na matatu kote nchini.

Mwalimu wa fasihi simulizi hapaswi kuwapuuza watu hawa. Wanachokifanya ndicho tunachokifundisha: fanani anaichukua hadithi iliyopo, anaibadilisha kulingana na hadhira yake, anatumia chuku, takriri na nidaa. Jambo hili si la Afrika pekee. Filamu ya The Rocky Horror Picture Show ya mwaka wa 1975 haikufua dafu mwanzoni. Ilipoanza kuonyeshwa usiku wa manane jijini New York mwaka wa 1976, watazamaji walizoea kuvaa kama wahusika na kuijibu skrini kwa sauti. Mtoto wetu anayeitikia hadithi njoo angejisikia yuko nyumbani. Kwa maoni yangu, hapa ndipo filamu ya wafuasi inapotofautiana hasa na ya umma: hadhira imekataa kukaa kimya, ikawa sehemu ya utendaji.

Nairobi Half Life: mgawanyo unapovunjika

Mwisho, tuje nyumbani. Nairobi Half Life ya David 'Tosh' Gitonga ilitoka mwaka wa 2012, nayo ilikuwa filamu ya kwanza kupendekezwa na Kenya kushindania Oscar katika kitengo cha filamu za lugha za kigeni. Je, tuiweke kundi gani? Kwa Mkenya ni filamu ya umma. Kwa mtu wa Ulaya ni ya wachache. Inadhihirika hapa kwamba makundi yale yanategemea mahali mtazamaji alipoketi, na hayawezi kuwa kipimo cha ubora.

Mwas, shujaa wake, anauza kanda za filamu kijijini huku akiziigiza matukio ili kuvutia wateja. Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaibiwa siku ya kwanza, na hatimaye anajikuta na maisha mawili: mwizi na mwigizaji. Uwili huo umejengwa vizuri, kwani kila kazi inamtaka adanganye na kila moja inamfunza nyingine. Kasoro kubwa ni Amina. Mwanamke huyu yumo ili wanaume wagombane juu yake na wamhurumie. Ndoto yake mwenyewe hatuijui vyema. Filamu iliyompa mwizi utu mkubwa kiasi hicho ingeweza kumpa naye.

Hitimisho

Mwalimu mwenzangu, sikushauri uzionyeshe filamu hizi zote darasani. Kadhaa zina mauaji, lugha kali na mambo ya faragha yasiyofaa umri wa wanafunzi, na ni wajibu wetu kuzingatia uainishaji wake. The Lion King inatosha kuanzia. Ninachokushauri ni zoezi la dakika 40. Mwambie kila mwanafunzi aandike sentensi moja kuhusu filamu aliyoipenda au aliyoichukia, bila kusema iliingiza pesa ngapi, ilishinda tuzo gani wala nani mwingine anaipenda. Kisha aongeze matukio mawili ya kuthibitisha kauli yake, na moja linaloipinga. Wiki inayofuata, mpe zoezi lilo hilo kwa kitabu teule.

Baadhi watasema kitabu kinachosha. Usikasirike. Waulize kinachosha ukurasa gani, na kwa sababu gani. Mwanafunzi anayeweza kujibu hilo ameshasoma kitabu, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu kila anayetuandikia kuwa mwandishi amefaulu sana katika matumizi ya mbinu mbalimbali. Mtihani wenyewe humtaka athibitishe, na kuthibitisha hakuwezekani pale ambapo hakuna rai. Kazi yetu si kumpokonya rai yake tukampa yetu. Ni kumdai sababu, kila mara, awe anasifu au analaumu.